Mkata Tiketi Hageuki

Krrr. Kitu kiliburutwa juu ya zege, kikatulia, kikaburutwa tena. Nje bado kulikuwa giza. Hata jogoo wa jirani alikuwa hajaanza kujaribu sauti.

"Umesikia?" Mkata Tiketi alinong'ona.

"Panya," mkewe akajibu, haraka kuliko mtu aliyetoka usingizini.

"Panya gani anaburuta kiti?"

"Panya wa juu ni wakubwa. Lala, Baba Njiti. Leo una mechi."

Akalala. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, isipokuwa akiwa getini. Getini hakumwamini mtu yeyote. Hata mama yake mzazi aliwahi kurudishwa naye kwa kukosa tiketi, mbele ya watu, na jambo hilo mama yake hakulisahau.

Mama huyo waliishi naye nyumba moja: yeye, mkewe fundi cherehani, na binti yao mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Njiti. Marehemu babu wa Njiti alianza kujenga ghorofa, akafika juu ya vyumba vya chini, pumzi na fedha vikamwishia pamoja. Likabaki paa la zege tupu, ngazi ya kupandia, na nondo zilizochomoza angani kama vidole vya mwanafunzi anayejua jibu asiyeulizwa.

Krrr, zege likalia tena. Mkewe akakohoa kwa nguvu ili kulifunika.

~

Geti la uwanja lilitazama barabara. Mkata Tiketi alikaa hapo juu ya kiti cha mbao, uso barabarani na mgongo uwanjani, kofia ya klabu kichwani na kitabu cha tiketi mapajani. Mkata tiketi aliyemtangulia alimwachia kiti hicho pamoja na sheria moja: mkata tiketi hageuki. Ukigeuka kuangalia mpira, nyuma yako wanapita watu watatu na mbuzi. Kwa hiyo, tangu aanze kazi, alikuwa hajaona goli hata moja. Aliyajua kwa masikio tu. Goli la kichwa lilikuwa na sauti yake, la mkwaju wa mbali sauti yake, na penalti ilianza na kimya.

Timu yenyewe iliitwa Povu. Kiwanda cha sabuni ndicho kilichoianzisha. Kiwanda kilikufa, timu ikabaki na jina lake kama mjane. Wageni waliimba "Povu halikai!" na mara nyingi kweli halikukaa.

Zamani tiketi ilikuwa bei ya mkate, na watu waliingia kwa kusukumana. Watazamaji walipoanza kupungua, Mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la simenti, akapandisha bei ili waliobaki wafidie walioondoka. Wakapungua zaidi. Akapandisha zaidi. "Simenti ikipanda bei, watu huacha kujenga?" aliwauliza wanakamati. "Hulalamika, halafu hujenga." Sasa tiketi ilikuwa imefika bei ya kuku mzima, aliye hai na mwenye afya.

Fundi baiskeli akafika, akaegemea geti, akausoma ubao wa bei.

"Bwana Geti, habari za kazi?"

"Nzuri, kaka. Nikukatie?"

"Subiri kwanza. Hii ni bei ya kuingia au ya kumnunua mchezaji?"

"Ya kuingia."

"Maana kwa bei hii nategemea nirudi nyumbani hata na beki mmoja. Atamsaidia mama watoto kuchota maji."

"Mimi sipangi bei. Mimi nachana tu."

"Najua, ndugu yangu. Wewe huna kosa." Alisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Mkata Tiketi kuliko tusi. Kisha fundi akaondoka kwa kushoto, akiufuata ukuta. Nyuma yake akaja Mwalimu mstaafu. Alisoma ubao mara mbili, akairekebisha kwa kidole herufi moja iliyokosewa, akaamkia kwa adabu, naye akaenda kushoto. Wote walikwenda kushoto. Mkata Tiketi alijaribu kukumbuka kuna nini cha maana huko, asione kitu. Ukiuzunguka uwanja kwa upande ule unafika kwenye mfereji, kichochoro, na nyumba yake mwenyewe, iliyo nyuma kabisa ya jukwaa.

Kipindi cha pili kelele zikalipuka. Goli! Goli la kichwa. Kelele nyingi, nono, za watu waliokaa vizuri. Mkata Tiketi akatazama kitabu chake, kilichokuwa bado kinene kama siku kilipochapwa. Hakuelewa. Wala hakugeuka.

Mpira ulipokwisha, Mwenyekiti alimjia akivuta tai yake.

"Umekata ngapi leo?"

Mkata Tiketi akainua vidole, halafu akavikunja viwili, kwa kuwa wawili wale walikuwa dereva na utingo wa wageni, nao waliingia bure.

"Basi kelele zile ni za nani? Mimi nakaa mstari wa mbele jukwaani. Zimetokea nyuma yangu. Nikajua jukwaa limejaa!"

"Hata mimi zimetokea nyuma yangu, Mwenyekiti."

"Na hukugeuka?"

"Mkata tiketi hageuki. Kwani wewe uligeuka?"

"Mwenyekiti anageukaje? Watu watasema anaogopa." Akamsogelea. "Sikiliza. Kuna mtu anaiuza mechi yangu kwa mlango wa nyuma. Wewe ni mtu wa mtaa huu. Nataka jina lake kabla ya mechi ijayo kwisha. Bila jina, kofia hiyo na kitabu hicho ulete dukani kwangu. Nina mpwa wangu hana kazi."

"Nitamtafuta, Mwenyekiti."

"Mtafute karibu. Kikulacho ki nguoni mwako."

~

Chakula cha usiku kilikuwa nyama. Juzi yalikuwa mayai. Mkata Tiketi alitafuna akimshukuru Mungu kwa cherehani ya mkewe, na kila tonge lilimteremka kwa aibu. Mshahara wake ulikuwa umekatika tangu tiketi ilipofika bei ya kuku, na hakuwa amemwambia mkewe. Alimwambia anauweka kwa ajili ya shule ya Njiti. Mkewe alijua kila kitu. Mke wa Mwenyekiti hushonesha kwake, na mke wa Mwenyekiti hawezi kunyamaza akipimwa kiuno.

"Mama," Mkata Tiketi alimgeukia mama yake, "wewe unashinda nyumbani. Siku za mechi huoni watu wakipita hapa?"

"Watu hupita, mwanangu. Njia ni ya watu."

"Wanaelekea wapi?"

"Kula. Swali halijazi tumbo."

"Nitafukuzwa, mama. Nisipompata huyo mtu nitafukuzwa."

Njiti akafungua mdomo. Bibi yake akautia mnofu. Njiti akatafuna, akameza, akaufungua tena. Mama yake akautia kiazi. Usiku ule Njiti alishiba kuliko siku zote za maisha yake.

Jikoni, sufuria zikigongana makusudi, wanawake wale wawili walisogeleana.

"Tumwambie, mama. Ile kazi anaipenda."

"Kazi isiyolipa si kazi, ni ibada."

"Hata kama. Anapiga pasi kofia. Umewahi kuona mtu anapiga pasi kofia?"

Bibi akaiweka sufuria chini. "Mimi nilikwenda pale getini na mwavuli wangu, nimevaa vizuri, nikamwangalie mwanangu kazini. Akaniambia nini? 'Mama, sheria ni sheria.' Mimi niliyemzaa! Nikarudi, nikapanda juu kuanua nguo kwa hasira, nikageuka, nikaona uwanja wote. Wote! Kwa juu ya jukwaa, hakuna kinachokinga. Mechi iliyofuata Mwalimu akaniona kutoka kichochoroni, akaniuliza naangalia nini. Ningemfukuza?"

Hakumfukuza. Alimpa kiti. Mwalimu akamleta fundi baiskeli, fundi akawaleta wateja wake. Mwenye chochote alitoa chochote. Asiye na kitu alipanda na ndoo ya maji. Kutukana kulikatazwa, na refa alitajwa kwa heshima. Mkwewe naye alishona mito ya kukalia kwa mabaki ya vitambaa vyake. Kila mto alioushona alihisi anajishona mdomo pia.

"Baada ya mechi ijayo nitafunga," Bibi akasema.

"Kwa nini usifunge kabla?"

"Ndoo za watu nimeshazipokea, mwanangu. Maji tumeshaogea."

~

Wiki nzima Mkata Tiketi alipeleleza. Fundi baiskeli alimwelekeza kiwandani. Mlinzi wa kiwanda alimwelekeza kwa muuza mkaa. Muuza mkaa alimkaribisha maji ya kunywa, akamshika bega. Mtaa mzima ulikuwa umemwonea huruma, na huruma ya mtaa haina anwani ya kuirudisha.

Siku ya mechi ubao ulikuwa na bei mpya. Sasa ilikuwa kuku pamoja na vifaranga wake. Watu walifika, wakasoma, wakaamkia, wakaenda kushoto. Mpira ulipoanza, kitabu kilikuwa hakijachanwa hata jani moja.

Njiti akaja na bakuli la chakula, kama alivyotumwa kila mechi. Akakaa kwenye jiwe, akamtazama baba yake ambaye hakuligusa bakuli.

"Baba, huli?"

"Nitakula. Leo nitarudisha kofia, Njiti."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anatuharibia kazi. Nimemtafuta, sikumpata."

Njiti alifikiri. Hapakuwa na mtu wa kumtia kiazi mdomoni. "Bibi amesema nisiseme," akasema.

"Usiseme nini?"

"Amesema nisiseme."

Mkata Tiketi akamtazama mwanawe. Wakati huohuo kelele zikapanda uwanjani, na Njiti, aliyekuwa ameelekea upande ule, akatabasamu, akainua mkono, akaupunga. Aliupunga kwa furaha, juu kabisa, kama mtu anayempungia anayemjua.

Mtu hampungii mkono panya.

Mkata Tiketi akageuka.

Aliona kwanza uwanja, mkubwa kuliko alivyoukumbuka na wa kijani kidogo tu. Akaona jukwaa ng'ambo. Juu ya jukwaa, kama ghorofa yake ya pili, akaliona paa lake mwenyewe limejaa watu. Kofia zilitundikwa kwenye nondo. Kamba ya nguo ilikuwa imesogezwa pembeni, na suruali yake ya kazi ikipepea kama bendera. Mama yake alikaa katikati chini ya mwavuli. Mkewe alipita akigawa mito. Vyote hivyo angeweza kuvistahimili, lakini kiti chake cha kuegemea, kile ambacho hata Njiti hukatazwa kukigusa, kilikuwa kimepandishwa juu, na Mwalimu mstaafu amekikalia, amekunja nne.

Akamshika Njiti mkono, akaliacha geti wazi. Walikatiza nyuma ya goli, yeye na kofia yake, mtoto na bakuli lake. Golikipa wa Povu aliwaona akasema, "Pole, Bwana Geti," maana wachezaji nao walijua. Upande wa paa lile ndiko walikokimbilia kushangilia kila wakifunga. Mwenyekiti, kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, akawafuata kwa macho, halafu kwa shingo, halafu kwa kiwiliwili kizima. Ndipo na yeye akageuka.

~

Mkewe alikuwa ameshateremka. Walikutana katikati ya ngazi.

"Panya wakubwa," Mkata Tiketi akasema.

Mkewe akainamisha uso. "Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Siku utakayoniambia habari za mshahara."

Juu watu walipiga makofi kwa pasi nzuri. Njiti alisimama kati yao akimwangalia mmoja, halafu mwingine.

"Nani kakuambia?"

"Mke wa Mwenyekiti. Nilikuwa nampima kiuno."

Kicheko kilimjia Mkata Tiketi, kikatoka kama kikohozi. "Ile nyama ya wiki iliyopita?"

"Ya paa."

"Mayai?"

"Ya paa, Baba Njiti. Na mafuta ya taa, na viatu vya mtoto. Sikutaka ujisikie vibaya. Na wewe hukutaka mimi nijisikie vibaya. Tukakaa tunadanganyana kwa mapenzi, kama wajinga." Akaivuta kofia yake ikae sawa. "Nisamehe."

Kabla hajajibu, Mwenyekiti akatokea chini ya ngazi, anahema. "Nipisheni!"

Wakapanda wote. Fundi baiskeli akajificha nyuma ya shuka iliyoanikwa, miguu yake ikabaki nje. Mwalimu akainuka kwenye kile kiti taratibu, akakifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Karibu, Mwenyekiti," Bibi akasema bila kuinuka. "Viatu uache hapo, zege limepigwa deki."

"Mama! Huu ni wizi mchana kweupe!"

"Nimeiba nini? Mpira huo hapo, haujapungua."

"Unauza mechi yangu!"

"Nauza kiti, baba. Mechi inakuja yenyewe."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mwenyekiti akamgeukia Mkata Tiketi, akanyoosha kiganja. "Na wewe! Nyumbani kwako! Lete kitabu. Lete kofia."

Mkata Tiketi akavua kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwapo, akaikabidhi pamoja na kitabu. Kichwa chake bila kofia kilikuwa kidogo kuliko watu walivyozoea. Mkewe akaangalia pembeni. Hata Bibi akafunga mwavuli.

"Mnaning'inia juu ya nyumba za watu kama kunguru," Mwenyekiti akaendelea, "na jukwaa langu zuri liko pale..." Akanyoosha mkono kulionyesha jukwaa, na mkono ukabaki hewani.

Kutoka juu lilionekana lote. Mstari wa mbele palikuwa na kiti chake chenye mto, na kando yake mpwa wake, amelala mdomo wazi. Nyuma yao ngazi za saruji zilipanda tupu mpaka mwisho. Kwenye ngazi ya juu kabisa paka alikuwa anajilamba mguu.

"Pale nyuma yangu," Mwenyekiti akasema, sauti imeshuka, "huwa hivyo siku zote?"



"Siku nyingine huyo paka anakuja na mbwa," Bibi akasema kwa upole.

"Na mimi sikujua, Mwenyekiti," Mkata Tiketi akasema. "Na mimi sikuwahi kugeuka. Lakini nyuso zao naziona. Hawa wote wanakuja mpaka getini kila mechi. Wanasoma bei, wananiamkia, wanaondoka. Mtu aliyeichoka timu haji mpaka getini. Rudisha bei ya mkate. Nitawachania mmoja mmoja, na mama yangu pia."

"Na mimi nitalipa," Bibi akasema. "Ila nije na mto wangu."

Mwenyekiti akamtazama paka. Paka akahamia mguu wa pili. "Mkate na nusu," akasema.

"Mkate!" paa zima likajibu, pamoja na ile shuka.

"Haya. Mkate." Akamrudishia Mkata Tiketi kitabu, kisha kofia.

"Na mshahara wake?" mkewe akauliza. Alikuwa hajawahi kuongea na Mwenyekiti, akashangaa sauti yake haitetemeki.

"Utalipwa, mama. Mambo yakikaa vizuri."

"Sawa. Na gauni la mkeo la harusi ya Jumapili nitalimaliza mambo yakikaa vizuri."

Mwenyekiti alilifikiria gauni. Akamfikiria mkewe bila gauni hilo. "Jumatatu," akasema. "Bwana Geti apite dukani Jumatatu. Malimbikizo yote."

Paa likapiga makofi. Mkata Tiketi akavaa kofia, akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na hapo filimbi ikalia uwanjani, kali, ya ghafla. Kisha kikaja kimya.

Mkata Tiketi alikijua kimya kile. Kwa miaka yote alikisikia kwa mgongo. Penalti, tena ya Povu, upande huuhuu wa karibu! Mara ya kwanza tangu aanze kazi yuko mahali pa kuona, ana macho yote mawili, na hana geti la kulinda.

Lakini makofi yalikuwa yamempanda Mwenyekiti kichwani. Alikuwa amesimama ukingoni mwa paa, mgongo uwanjani, mabega yake mapana yamelifunika goli lote. Akaweka tai sawa, akakohoa kidogo, akafungua mikono.

"Ndugu zangu wana-Povu! Siku kama ya leo..."

Watu wakainamisha shingo kulia, wakainamisha kushoto. Mwalimu akainua kidole, akakishusha. Fundi baiskeli alitoa kichwa kwenye shuka, akakirudisha. Mkata Tiketi akafungua mdomo, akakitazama kitabu alichokipata sasa hivi tu, akaufumba. Bibi akageuka kutafuta kitu cha kumtia Njiti mdomoni, akachelewa.

"Babu, kaa chini, watu wa nyuma hawaoni."